Unafuga Chambo?

Furu wa kwanza kuingia kwenye vitabu vya sayansi aliingia akiwa maiti ndani ya chupa, na aliyemkusanya naye alikuwa amekwisha kufa. Mwaka 1888 Franz Hilgendorf, aliyekuwa akitunza samaki katika jumba la makumbusho la Berlin, alichapisha maelezo ya samaki waliotoka Ziwa Victoria, ambalo Wajerumani wa wakati ule waliliita pia Ukerewe. Samaki hao walikuwa wamekusanywa na Gustav Fischer, daktari aliyewahi kuishi Zanzibar, katika safari yake ya mwisho ya mwaka 1885 na 1886. Fischer alirudi kwao, akafariki kabla mwaka haujaisha. Mmoja wa samaki zake alikuwa na meno yaliyoinama upande, meno ya kukwangulia mwani. Hilgendorf akamwita obliquidens, na kundi lake akaliita Haplochromis. Jina hilo la kundi lilikuja kubeba mamia ya spishi ambazo sisi watu wa kanda ya ziwa tunazimaliza kwa neno moja tu: furu. Upande wa Uganda wanasema nkejje, Wajaluo wanasema fulu. Kote ni neno moja kwa samaki wote.

Naanzia Berlin kwa sababu nasoma shahada ya uzamili ya historia, na mtu wa historia huanza pale karatasi zilipo. Lakini nyumbani Mwanza nina furu kumi na mmoja walio hai, ndani ya tangi la kioo la futi tatu, na sikuwanunua dukani. Niliwavua mwenyewe kwa ndoano ndogo na kipande cha nyungunyungu, kwenye mawe ambako watoto wa mtaa huvua kila jioni. Duka la samaki wa mapambo lililo karibu nami linauza samaki wa dhahabu ambao asili yao ni China, na gapi ambao asili yao ni Amerika ya Kusini. Ziwa liko dakika ishirini kwa miguu.

Mjomba wangu, ambaye amevua sangara kwa zaidi ya miaka thelathini, alikuja kutusalimu akalikuta tangi sebuleni. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akainama mbele ya kioo kwa muda mrefu kama mtu anayesoma tangazo la msiba.

“Mpwa wangu, hawa si furu?”

“Ndiyo, mjomba.”

“Unafuga chambo?”

Hakuwa akinitania. Wavuvi wengi wa sangara huweka furu kwenye ndoano zao. Kwake yeye nilikuwa nimejenga nyumba ya kioo, nikaweka pampu ya hewa na taa, kisha nikakaribisha ndani chakula cha samaki mwingine. Nadhani katika swali lake kuna historia nzima ya ziwa hili kwa miaka mia moja iliyopita, na ndiyo sababu nimelifanya kichwa cha makala.

Ngege alikuwa na jina lake. Ningu alikuwa na jina lake, kadhalika kamongo, kambale na dagaa. Furu, waliokuwa wengi kuliko wote, waligawana neno moja, kwa sababu walikuwa wadogo, wenye miiba, na pesa yao ilikuwa kidogo. Mwaka 1927 na 1928 Michael Graham alipoongoza utafiti wa kwanza mkubwa wa uvuvi ziwani, hoja iliyomsumbua ilikuwa ngege na nyavu zilizokuwa zikimmaliza. Furu walihesabiwa kama majani ya shambani yanavyohesabiwa na mkulima wa mahindi. Baadaye, maofisa wa uvuvi wa kikoloni walipoandika juu yao, waliwaita samaki takataka. Mali iliyolala, waliona, inayohitaji mtu wa kuigeuza kuwa nyama.

Mtu huyo akapatikana: sangara. Hesabu yake ilikuwa nyepesi na, kusema kweli, si ya kijinga. Ziwa lina tani na tani za samaki wadogo ambao soko haliwataki. Weka samaki mkubwa mwenye kuwala, kisha uza yule mkubwa. Wataalamu hawakukubaliana. Mwaka 1960 Geoffrey Fryer, mwanabiolojia aliyefanya kazi katika maziwa ya Afrika, alichapisha katika jarida la kilimo la Afrika Mashariki onyo dhidi ya mpango huo. Hoja yake kubwa ni kwamba mnyama anayekula wanyama huzaa nyama kidogo kuliko ile aliyoila, na kwamba samaki akishaingia katika ziwa la ukubwa ule hakuna mtu atakayemtoa. Wakati Fryer anaandika, ushahidi unaonyesha, sangara wengine walikuwa tayari majini. Waliwekwa kimyakimya upande wa Uganda mwaka 1954. Kuwekwa rasmi kulifuata mwaka 1962 na 1963, kwa samaki waliotolewa Ziwa Albert na Ziwa Turkana. Kwa mwanafunzi wa historia, hiki ni kisa kinachofaa kukaa nacho: mjadala uliendelea kwa heshima zote kwenye karatasi huku jambo lenyewe likiwa limekwisha kutendeka.

Kwa takriban miaka ishirini haikuonekana tofauti kubwa. Kwenye miaka ya 1970 furu walikuwa bado karibu asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini ya ziwa, na mwaka 1976 kilifunguliwa Mwanza kiwanda cha kuwasaga kuwa unga wa chakula cha mifugo. Mwaka uliofuata watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walifika Mwanza kuchunguza furu hao. Frans Witte na wenzake walikuta kitu ambacho hakuna aliyekuwa na maneno ya kutosha ya kukieleza. Kulikuwa na furu wavunja konokono, wenye mifupa ya koo minene kama kinu. Kulikuwa na walao mwani, walao vijidudu vya matopeni, walao samaki wenzao, na hata waliojipatia riziki kwa kunyonya mayai na watoto kutoka midomoni mwa mama wa furu wengine. Zilikisiwa spishi zipatazo 500, karibu zote zisizopatikana mahali pengine duniani. Mashapo ya chini ya ziwa yanaonyesha kwamba lilikauka takriban miaka 15,000 iliyopita. Kwa hiyo utajiri huo wote ulikamilika katika kipindi ambacho mwanajiolojia anakiona kama jana asubuhi.

Watafiti walikuwa wengi wa kazi na wachache wa muda. Spishi nyingi zilipewa majina ya utani ya maabara, zikisubiri mtu akae azieleze rasmi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sangara wakalipuka katika Ghuba ya Mwanza, na kufikia mwaka 1987 nyavu za watafiti ziliinuka kutoka maji ya katikati ya ghuba zikiwa karibu tupu za furu. Takriban spishi 200 zilihesabiwa kuwa zimetoweka au ziko ukingoni. Baadhi zilikufa na jina la utani.

Sitaki kumfanya sangara kuwa shetani, maana ada yangu ya sekondari ilitoka kwake. Viwanda vya minofu, magari ya barafu, nyumba za bati jipya kwenye mialo, yote hayo ni sangara. Filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004 ilipomwonyesha Mwanza kama mlango wa jehanamu, watu wengi hapa waliudhika, na nina huruma nao. Pia si sangara peke yake aliyefanya kazi ile. Mbolea, maji taka na udongo wa mashamba vilinenepesha mwani, maji yakapoteza mwanga. Jambo hili la mwanga ndilo linalonirudisha kwenye vioo.

Akwariamu kama tunavyoijua ni kitu cha Uingereza ya karne ya 19. Bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki mwaka 1853, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse alitoa kitabu kilicholieneza neno lenyewe. Kilichokuwa kigeni siku zile si kumweka samaki ndani ya chombo, kwani Wachina walikuwa wamefanya hivyo kwa karne nyingi. Ugeni ulikuwa kumtazama kwa ubavu. Fikiria: mvuvi humwona samaki kutoka juu, kivuli chenye mgongo, au humwona akiwa amekufa. Ubavu wenye rangi, pezi lililotanuka, dume anayetetemeka mbele ya jike, hayo yalikuwa hayaonekani. Chupa ya Fischer ilihifadhi meno, lakini pombe huchukua rangi zote. Furu wote wa Berlin ni kahawia.

Watafiti wa Leiden walichukua furu hai pia, wakawasafirisha kwa ndege hadi Uholanzi kwa ajili ya kuchunguza taya zao na mienendo yao. Haikuwa safina, ilikuwa maabara. Lakini ziwa lilipoharibika nyuma yao, baadhi ya matangi yale yakajikuta yana samaki ambao hawavuliwi tena nyumbani kwao. Haplochromis ishmaeli, mvunja konokono, ni mmoja wao. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 bustani za wanyama na akwariamu za Amerika Kaskazini zilianzisha mpango wao wa kuzalisha spishi za Ziwa Victoria, na wafugaji wa kawaida, watu wenye matangi sebuleni na kwenye vyumba vya chini, wakapokea vizazi vilivyofuata. Hivyo kuna samaki wa Mwanza ambao ukitaka kuwaona leo unaomba viza.

Mmoja wa walionusurika ziwani na pia akapata umaarufu katika matangi ana jina ambalo kila Mtanzania angelitambua. Mwaka 1985, mwaka ambao Mwalimu aling'atuka, Els Witte-Maas na Frans Witte walieleza furu wa kwenye mawe wakamwita Haplochromis nyererei. Dume wake ana mgongo mwekundu, ubavu wa manjano na milia myeusi. Jike ni wa rangi ya udongo, kama furu mwingine yeyote sokoni. Ndugu yake wa karibu, dume wa kijivu kinachoelekea bluu, anaitwa pundamilia, na mwaka 1998 Ole Seehausen na wenzake waliwaweka wote katika jenasi walioiita Pundamilia. Kwa hiyo katika orodha za bei za wauza samaki wa Ulaya, watu wasiojua neno lingine lolote la Kiswahili huandika “Pundamilia nyererei” bila kukosea herufi. Nimewauliza wanafunzi wenzangu kadhaa kama wanajua kuna samaki wa Nyerere. Mmoja alidhani nazungumzia mgahawa.

Samaki hao wawili ndio waliotuambia habari ya mwanga. Katika majaribio yaliyofanyiwa ndani ya matangi, jike wa aina moja alipopewa nafasi ya kuchagua chini ya taa nyeupe alimfuata dume wa aina yake, mwekundu kwa mwekundu, bluu kwa bluu. Taa ilipobadilishwa kuwa ya rangi ya machungwa, tofauti ya rangi ikafutika machoni pake, naye akaacha kubagua. Mwaka 1997 Seehausen na wenzake waliandika katika jarida la Science kwamba hicho ndicho kinachotokea ziwani: maji yakiwa mazito, majike hawaoni vizuri, spishi zinachanganyika na kuwa moja. Hakuna aliyemla mwenzake hapo. Spishi nzima inaweza kuisha huku samaki wote wakiwa hai.

Hii ni hatari ya tangi langu pia, tena kubwa zaidi, kwa sababu ndani ya futi tatu jike hana pa kwenda. Ndiyo maana furu wangu wote wametoka kwenye kundi moja la mawe, na taa niliyonunua ni nyeupe kabisa, ingawa ile ya manjano ingependeza zaidi na pazia la mama. Vyenginevyo kuwafuga si kazi ngumu. Fundi vioo alinikatia kioo cha milimita nane, tukaunganisha kwa silikoni, tukaacha siku kadhaa ikauke. Maji ya bomba hukaa kwenye ndoo wazi usiku kucha ili klorini ipungue. Sponji ya chujio niliiendesha wiki sita bila samaki wa kutosha, nikitia punje za chakula, ili bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitraiti na kisha naitreti wapate kuenea; mtu anayejaza tangi leo na samaki leo hii anawazika kesho. Hita haihitajiki Mwanza. Mawe ya granaiti nimeyapanga hadi karibu na uso wa maji, kwa sababu dume akipata pango huliita lake, na majike wanahitaji kona za kumkwepa. Chakula ni dagaa wa kusaga, kidogo, na majani ya mchicha yaliyochovywa maji moto. Umeme ukikatika natikisa maji kwa kikombe. Dada yangu huniita mhudumu wa wagonjwa mahututi.

Kinachonichukua muda ni daftari. Kwenye historia tunafundishwa kwamba hati isiyojulikana ilikotoka ni karatasi tu. Samaki ni vivyo hivyo, na ushahidi uko madukani. Kwa miaka mingi wafugaji wa nchi za nje wamekuwa wakiuza na kununua furu mzuri wa milia mipana kwa jina la obliquidens, yule yule wa chupa ya Fischer. Kumbe ni mwingine kabisa, latifasciata, kutoka Uganda, eneo la Ziwa Kyoga. Jina lilimganda kwa sababu mtu fulani, mahali fulani, alimtoa majini bila kuandika mahali. Furu wa miamba, tena, hubadilika rangi kutoka kisiwa hadi kisiwa. Nyererei wa Makobe si sawa na wa Python ndani ya Ghuba ya Mwanza. Kwa hiyo kwenye daftari langu safu ya spishi nimeiacha wazi kwa samaki wote kumi na mmoja. Zilizojazwa ni safu za tarehe, jina la mawe kama wavuvi wanavyoyaita, kina kwa pima, rangi ya maji siku hiyo, na aliyenishikia ndoo.

Safu ya jina la mawe ndiyo iliyombadilisha mjomba, ingawa sidhani kama angekubali neno kubadilika. Alipoisoma alinisahihisha mara mbili, kisha akaketi. Akaanza kueleza furu waliokuwa wakivuliwa alipokuwa mdogo: mmoja mwenye mdomo mkubwa aliyekuwa akivunja uzi, mwingine mweusi tii ambaye bibi yake aliwakaanga bila kuwapasua, mwingine wa matopeni aliyenuka. Hakuwa na majina yao. Alikuwa na mikono, akipima urefu hewani, akionyesha pezi liliishia wapi. Nilichukua daftari jingine nikaandika kwa saa mbili, na mama akapasha chai mara tatu. Sijasoma mahali popote maelezo ya furu weusi wa bibi yake. Wapo kwenye ukurasa wa nne.

Mwezi uliopita jike mmoja aliacha kula. Kidevu chake kilivimba, akawa anajificha nyuma ya chujio akitafuna hewa polepole. Hivyo ndivyo furu wanavyolea: jike hutaga, huyachota mayai mdomoni mara moja, kisha hufuata madoa ya manjano yaliyo kwenye pezi la chini la dume, yanayofanana na mayai, na akijaribu kuyachota hayo nayo hupokea mbegu. Baada ya hapo hafungui mdomo kwa takriban wiki mbili hadi tatu. Watoto walipotoka niliwahesabu kumi na tisa. Mjomba alikuja tena, akaamkiwa, akaitikia, akaenda moja kwa moja kwenye kioo.

“Hawa utawarudisha ziwani?”

Nilimwambia hapana. Samaki aliyekaa tangini hubeba magonjwa ya tangini, na nikiwamwaga kwenye mawe yasiyo yao nitakuwa nafanya kwa ndoo kile walichokifanya mwaka 1954. Alifikiri kidogo.

“Basi watakaa hapa?”

“Wengine. Wengine nitawapa watu, mjomba. Kila mtu na nakala ya ukurasa wake.”

Aliomba wanne. Ana tangi la plastiki la lita mia mbili nyuma ya nyumba yake, la kukingia maji ya mvua, na alitaka kujua kama ni lazima awe na taa.